Kwa Jumla na kwa Rejareja

Katika kazi tunazoandika hapa kitivoni kuna maneno mawili ambayo hayakosekani: "kwa ujumla". Yanafungua utangulizi, yanafunga sura, na mwandishi akikwama katikati ya ukurasa ndiyo yanayomvusha ng'ambo. Anayeandika kwa Kifaransa ana "en général" yake. Anayeandika kwa Kiingereza ana "in general". Chukua tasnifu kumi kutoka kwenye rafu ya maktaba, uzifungue popote. Nadhani utayakuta katika nyingi kati yake. Nasema "nadhani" na "nyingi" kwa sababu sijazihesabu, na ndugu msomaji ataona mbele kwa nini ninajali jambo hilo.

Nilianza kuyafuatilia maneno haya nikiwa mwaka wa pili. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa zoezi jepesi: tutafute visawe vya "in general", ili tusirudie neno lile lile katika kila aya. Tulileta orodha ndefu: "generally", "on the whole", "by and large", "as a rule", "for the most part". Yeye akaongeza swali moja: kati ya haya, ni yapi yanayoweza kubadilishana viti bila maana kuhama? Darasa likanyamaza. Tangu hapo ninaweka daftari ambamo ninaandika kila neno la kujumlisha ninalokutana nalo, la Kiingereza, la Kifaransa, la Lingala na zaidi la Kiswahili, pamoja na mahali nilipolisikia. Makala hii imetoka ndani ya daftari hilo.

Nianze na Kiingereza, kwa kuwa ndicho kilichotuuliza. "As a rule" lina neno la kanuni ndani yake. Anayelitumia anadai kwamba kuna utaratibu, na kinachokwenda kinyume kinahesabiwa kuwa cha pekee. "For the most part" linazungumzia sehemu: kitu kimegawanywa, na fungu lililo kubwa liko hivi. "On the whole" linakwenda njia nyingine. Linakusanya mazuri na mabaya, linayapima pamoja, kisha linatoa hukumu. Ukisema kwamba mwaka wa masomo ulikuwa mzuri "on the whole", umekubali kwamba ulikuwa pia na migomo na siku zisizo na umeme, ila umeviweka vyote kwenye mizani na mizani imelalia upande wa mazuri.

Lililonishangaza zaidi ni "by and large". Linatoka kwa mabaharia wa Kiingereza wa enzi za matanga, karne ya 17. Kwao "by" ilikuwa kusafiri chombo kikielekezwa karibu na upande upepo unakotoka, na "large" ilikuwa kusafiri upepo ukisukuma kutoka nyuma. Chombo kilichosifiwa kwa maneno hayo mawili pamoja kilikuwa kimejaribiwa katika hali ngumu na katika hali rahisi. Hapa Kisangani hatuna matanga, lakini tuna mto. Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni takriban kilomita 1,700 za maji yanayopitika. Mtu aliyeshuka tu hawezi kukuambia safari ya mto ikoje, kwa sababu kupanda ni kazi nyingine kabisa: mashine inapigana na maji, siku zinaongezeka, mafuta yanaisha kabla ya bandari. Mwenye haki ya kusema "safari iko hivi" ni yule aliyeshuka na kupanda. Waingereza wa leo wanalisema neno hilo bila kukumbuka upepo wowote. Mimi nililiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa kuwa linaonyesha kwamba zamani kujumlisha kulikuwa na sharti: jaribu kwanza upande ulio mgumu, ndipo useme.

Sasa nije kwa Kiswahili.

"Jumla" tumelipata kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya kitu kizima kilichokusanywa, na katika sarufi yao ni sentensi. Kwetu limebaki na kazi ya hesabu, na pia limekuwa neno la biashara: kuna mwenye kuuza kwa jumla na mwenye kuuza kwa rejareja. Sokoni kwetu wengi wanasema kwa Kifaransa kilichozoea kinywa cha hapa, angro na detai, lakini kazi ni ile ile. Mwenye kuuza angro anakupa gunia la mchele lililoshonwa. Halifungui. Bei ni ya gunia, na kama ndani kuna mawe, ni bahati yako. Mama anayeuza kwa kopo analifungua gunia lile lile, anapepeta, anatoa mawe, na jioni anajua mchele wake ulivyo. Tangu nilipoliweka neno hili sokoni, kila ninaposoma "kwa jumla" ninaona gunia ambalo bado halijafunguliwa.

Baadhi ya walimu wanatenganisha "kwa jumla" na "kwa ujumla". La kwanza wanaliacha kwa hesabu: kwa jumla walikuja watu 40. La pili wanaliacha kwa mawazo: kwa ujumla watu walifurahi. Waandishi wengi wanayachanganya, na sidhani kwamba kuna atakayewazuia. Lakini tofauti hiyo inatufaa, kwa sababu inaonyesha kwamba "kwa ujumla" halina namba yoyote ndani yake. Mtu anaweza kulisema bila kuhesabu hata kitu kimoja.

"Kwa kawaida" linatokana na neno la Kiarabu la wingi lenye maana ya misingi au kanuni, ambalo Waarabu wanalitumia pia kwa kanuni za sarufi. Kwa hiyo hili ndilo linalokaa jirani na "as a rule". Ukisema kwamba kwa kawaida soko linafunguliwa asubuhi, umeeleza desturi. Soko likifungwa siku moja kwa ajili ya msiba, desturi haijavunjika.

"Takriban" linatembea na namba, na mzizi wake ni ule ule wa "karibu": namba iko jirani, bado haijafika. "Kimsingi" linatazama chini, kwenye msingi wa nyumba, na linaruhusu kuta ziwe na nyufa. "Kwa kiasi kikubwa" linapima ukubwa bila kuhesabu. Na "aghalabu", ambalo ndilo nilipendalo, linatoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kushinda. Aghalabu ni upande ulioshinda kwa wingi, kama katika kura. Mwenye kulisema anakiri kwamba kuna walioshindwa, na kwamba bado wapo mjini. Huku kwetu halisikiki barabarani. Nimelikuta zaidi katika vitabu na magazeti ya Tanzania na Kenya. Mtaani tuna letu, "sanasana". Mtu akikuambia kwamba nyumbani kwao wanakulaka sanasana sombe, anaonyesha fungu kubwa kwa kidole, na mlango wa samaki ameuacha wazi.

Ili kuona kwamba maneno haya si ndugu mapacha, tuchukue mfano wa hapa hapa. "Wanafunzi wengi huchelewa." "Wanafunzi huchelewa mara nyingi." Sentensi ya kwanza imehesabu watu. Inawezekana kwamba kuna wengine ambao hawajachelewa hata siku moja tangu mwaka uanze. Sentensi ya pili imehesabu nyakati, na huenda inamgusa kila mwanafunzi. Mwalimu atakayetaka kutoa adhabu atafanya mambo mawili tofauti kulingana na sentensi aliyoisikia. Sasa weka "kwa ujumla wanafunzi huchelewa", uone. Hujui tena kama ni watu au ni nyakati. Yule anayefika saa moja kamili kila asubuhi, akitembea kwa miguu kutoka Mangobo, naye ameingizwa ndani ya gunia.

Kiswahili kinaweza hata kujumlisha bila kielezi chochote. Kiambishi "hu-" kinatosha: mvua hunyesha, mto hujaa, watu husema. Tazama umbo lake. "Mimi husoma, wewe husoma, wao husoma": kiambishi cha nafsi kimetoweka, na kitenzi kinabaki kilivyo kwa kila mtu. Kwa methali na kwa sayansi hilo ni jambo zuri, kwa kuwa maji huchemka bila kujali nani ameyaweka jikoni. Lakini "husema" peke yake ni kitenzi ambacho mwenyewe ameondoka.

Katika Kiswahili chetu cha Kongo "hu-" ni nadra kinywani. Sisi tunaweka "-aka" mwishoni, kama Lingala inavyofanya katika "alobaka" na "balobaka". Tunasema "anasemaka", "banasemaka". Mazoea yanaonyeshwa, na nafsi inabaki mbele ya kitenzi: "a-", "ba-". Ndiyo maana ukimwambia mtu wa hapa kwamba "banasemaka" hivi au vile, ana haki ya kukuuliza: ni banani? Sisemi kwamba lahaja moja inashinda nyingine. Ninasema kwamba sarufi inayosikika nyumbani kwetu inaacha nafasi ya swali hilo, na katika mji huu swali hilo lina uzito.

Mwaka 2023 ugomvi wa ardhi upande wa kushoto wa mto, huko Lubunga, uligeuka kuwa mapigano kati ya Wambole na Walengola. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, na familia nyingi zikavuka mto kuja kulala upande huu. Msomaji wa hapa hahitaji nimsimulie. Ninachotaka kueleza ni jambo dogo la lugha ambalo kila mmoja wetu alilisikia miezi ile: namna viambishi vilivyokaza. Mwanzoni watu walisema "kuna vijana fulani". Baadaye wakasema "bale". Mwisho wakasema "bote". Neno lenye namba ndani yake lilitoka, na lisilo na namba likaingia.

Siku moja nilikuwa kwenye mtumbwi wa kuvuka kuelekea Lubunga. Kijana mmoja, sitataja alikuwa wa upande gani, alikuwa anaeleza kwa sauti kwamba watu wa kabila lile lingine "bote ni bauaji". Hakuna aliyembishia, kwa sababu mtumbwi ni mahali padogo. Halafu mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mzigo wake akamuuliza polepole, bila kumtazama: "Bote, papa? Hata ule mwenye alinificha mu nyumba yake?" Kijana akasema kwamba huyo ni mmoja tu. Mama akajibu: "Basi sema bote, toa mmoja."

Nililiandika neno hilo kwenye daftari kabla hatujafika ng'ambo. "Bote, toa mmoja" ni hesabu kamili. Mama yule hakumwomba kijana awapende majirani wake, wala hakumhutubia juu ya amani. Alimtaka tu aondoe mtu mmoja kwenye jumla yake. Mwenye kukubali kumtoa mmoja itambidi afikirie kama yuko wa pili, na hapo "bote" limeanza kuwa "wengi", na "wengi" linaweza kuwa "baadhi". Ninaamini kwamba mtu anayesema "baadhi" hawezi kuchoma nyumba ambayo hajui ya nani.

Wapo watakaosema kwamba ninaweka mzigo mkubwa mno juu ya vielezi. Kwa hiyo nitoe mfano wa pili, ambao kujumlisha kulikuwa kwa lazima na kulifanywa na watu wenye elimu na nia ya haki.

Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda, yote mawili yakiwa ya kigeni, yalipigana kwa mabomu katikati ya mji wetu. Ndiyo Vita ya Siku Sita. Tarehe 16 ya mwezi huo huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake namba 1304, lilieleza kwamba serikali za nchi hizo mbili zinapaswa kulipa fidia kwa vifo na hasara walizowasababishia raia wa Kisangani. Mwaka 2010 ilitoka ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa juu ya maovu yaliyotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003. Kwa vita hii, ripoti inataja zaidi ya nyumba 400 za watu zilizobomolewa, na raia waliouawa kati ya 244 na 760.

Namba hizo mbili nimezitazama mara nyingi. Ni namba za heshima, kwa kuwa waandishi hawakuchagua moja na kuifanya ya kweli. Wameacha nafasi wazi kati ya ndogo na kubwa. Lakini toa 244 kwenye 760, unabaki na 516. Watu 516 wanakaa katikati ya namba mbili, na hakuna mwenye uhakika kama wamo.

Kongo ilikuwa imeishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, tangu mwaka 1999. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ilitamka kwamba Uganda ina wajibu wa kufidia. Kwa Rwanda, mwaka uliofuata, Mahakama ilisema haina mamlaka ya kusikiliza kesi. Kiasi cha fidia kiliamuliwa tarehe 9 Februari 2022: dola milioni 325 za Marekani. Milioni 225 zilikuwa kwa madhara yaliyowapata watu, 40 kwa mali, na 60 kwa utajiri wa asili. Fedha hizo hazikuwa za Kisangani pekee, maana kesi ilihusu pia Ituri na mahali pengine. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11.

Nilisoma hukumu hiyo kwa Kifaransa, penseli mkononi, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kumweleza mama yangu mkubwa. Yeye alimpoteza mtoto wake wa kwanza katika siku zile sita, hapa wilayani Tshopo. Neno lililorudi kila ukurasa lilikuwa "somme globale". Mahakama ilieleza sababu waziwazi: ushahidi uliokuwepo haukutosha kuhesabu walioumizwa mmoja mmoja, kwa hiyo kwa kila aina ya madhara itatoa kiasi kimoja cha pamoja, kwa kufuata ushahidi unavyoruhusu na kwa kuzingatia haki. Kwa vifo vyote katika kesi nzima ilitaja watu kati ya 10,000 na 15,000.

"Somme globale" kwa Kiswahili ni nini? Nilimwambia, "Mama, Mahakama imetoa makuta kwa jumla." Akaniuliza ni kusema nini. Nikamweleza kwa mfano wa gunia, kwa kuwa yeye ameuza mchele miaka mingi. Akanyamaza, halafu akasema, "Sasa ndani ya ile gunia, mtoto yangu iko wapi?"

Siku ile nilielewa kwamba kuna aina mbili za kujumlisha, na kwamba lugha zetu zote nne hazina neno la kuzitenganisha. Kuna kujumlisha kwa mtu aliyejaribu kuhesabu, akafika mahali ambapo hesabu imekatika, akasema wazi kwamba imekatika hapo. Hivyo ndivyo Mahakama ilivyofanya, hata kama kiasi kiliwahuzunisha wengi mjini. Na kuna kujumlisha kwa mtu ambaye hakutaka kuhesabu tangu mwanzo. Wote wawili wanasema "kwa jumla". Tofauti yao utaipata tu ukiwauliza walifanya nini kabla ya kulisema.

Jumla iliyotoka The Hague ililazimu ije ifunguliwe hapa. Serikali ilianzisha mfuko maalumu wa kugawa fidia kwa waliodhuriwa, wenye makao yake hapa hapa Kisangani, ambao sote tunaujua kwa jina la FRIVAO. Yaani baada ya jumla, rejareja: jina moja, karatasi moja, ushahidi mmoja. Mama mkubwa alihitaji kueleza habari yake kwa maandishi, na mimi ndiye niliyeshika kalamu.

Kwa mwanafunzi wa lugha, kazi ile ilikuwa na mafunzo kuliko muhula mzima. Alianza hivi, na ninayaandika kama alivyoyatamka: "Tulikuwa tunalalaka chini ya kitanda. Tulikuwa tunakulaka usiku tu. Maji tulikuwa tunachotaka asubuhi sana, mbele ya mabomu kuanza." Vitenzi vyote vilikuwa na "-aka", vya mazoea, kana kwamba siku zile sita zilikuwa maisha marefu yenye desturi zake. Na zilikuwa hivyo. Watu waliofungiwa ndani wanajitengenezea desturi hata kwa siku sita. Halafu akafika mahali fulani, na "-aka" ikakatika: "Ile siku akatoka kuchota maji." Akatoka. Mara moja. Hakuna mazoea tena. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa maelezo yake hakutumia "-aka" hata mara moja.

Sikubadilisha kitu. Nilipoandika kwa Kifaransa, lugha ya karatasi, nililinda mpaka ule: "imparfait" kwa yale ya kila siku, "passé composé" kwa asubuhi ile. Niliona kwamba katika maelezo ya aina hiyo "kwa kawaida" lina mahali pake, kwenye kitanda na kwenye maji. Baada ya mtoto kutoka mlangoni, halina mahali.

Kwa hiyo siandiki makala hii kuomba tuache kujumlisha. Hakuna elimu bila kujumlisha. Daktari asiyeweza kusema kwamba homa hii aghalabu ni malaria hatamtibu mtu kwa wakati. Mwanasarufi asiyejumlisha atabaki na mifano elfu na hatakuwa na kanuni hata moja. Hata mama yule wa kwenye mtumbwi hakukataa neno "bote". Alilitaka liwe na hesabu. Ninachoomba ni kwamba kila mmoja wetu, anapotafuta kisawe cha "in general", asikitafute kwa ajili ya masikio tu, ili neno lisijirudie. Akitafute kwa kuuliza: nimehesabu nini?

Kama umehesabu watu, andika "wengi" au "wachache", na ukiweza toa namba. Kama umehesabu nyakati, andika "mara nyingi". Kama umeona upande mmoja unashinda na unajua kwamba wa pili upo, una "aghalabu", neno zuri ambalo linastahili kurudi kwenye kalamu zetu huku Kongo. Kama unaeleza desturi, una "kwa kawaida". Kama una namba isiyo kamili, una "takriban". Na kama namba zenyewe zinagombana, ziandike zote mbili, ndogo na kubwa, kama ilivyofanya ripoti ile. Kama umepima mazuri na mabaya pamoja, sema kwamba umeyapima, na utaje mabaya. Na kama hujahesabu chochote, basi "kwa ujumla" ndilo neno lako, lakini msomaji naye ana haki ya kujua hivyo.

Kwa walimu wetu nina ombi moja. Katika utetezi wa tasnifu nimesikia maswali mengi juu ya nukta, mkato na mpangilio wa sura, nayo ni maswali ya haki. Ningependa pia tusikie hili: mwanafunzi akisoma "kwa ujumla wakazi wa Kisangani wanaona kwamba", mmoja wa jopo amsimamishe na kumuuliza ni wakazi wangapi, wa wilaya zipi, na kama alivuka mto kwenda Lubunga au aliishia Makiso. Ni swali la dakika mbili. Likiulizwa kwa miaka michache, wadogo zetu watakaokuja nyuma yetu watajifunza kubeba hesabu yao kabla ya kubeba maneno.

Nami katika tasnifu yangu, ambayo inahusu maneno haya haya, nimeweka kiambatisho chenye kila mfano niliousikia, na mahali, na siku. Mifano ni 312. Katika 41 kati yake msemaji alipoulizwa "banani?" alipunguza neno lake mwenyewe, kutoka "bote" mpaka "wengi", au kutoka "wengi" mpaka "baadhi". Sijui kama hiyo ni namba kubwa au ndogo. Mifano mingine mingi hakuna aliyeuliza.